Mkebe Ulio Chini ya Kitanda cha Mtoto

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya magari.
Alhamisi, asubuhi.

Mpendwa Tikiti, mpwa wangu,

Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba barua ya heshima huanza na salamu, na kwamba mtu hakurupuki na haja zake kabla hajamjulia mwenziwe hali. Leo navunja somo langu mwenyewe. Kabla hujasoma zaidi, mtoe mtoto chumbani kwake, umpeleke nje, umpe mtu amshike. Ule mkebe wa filamu niliokupa siku ya kuondoka kwako, ulio chini ya kitanda chake, usiuguse kwanza. Na usiufungue kabisa. Ukishamtoa mtoto, tafuta kivuli mbali na nyumba, ukae, ndipo uendelee kusoma. Nakusubiri.

Umekaa? Haya, hujambo mwanangu. Mkwe wetu hajambo? Na mjukuu wangu, meno yanamsumbua bado? Sisi huku miili ni mizima, ila roho ziko juu juu tangu jana. Mama yako ameniona nimeinama mezani, anadhani nakuandikia mambo ya sinema kama kawaida yangu. Amesema nisisahau kukuuliza kama shuka alizotuma zilifika. Sijamwambia kitu. Unamjua dada yangu, akisikia habari hii atatoka sasa hivi na kanga moja kuja huko kwa miguu.

Nitakueleza taratibu, maana nawe nakujua. Ukiambiwa usifanye jambo bila kuambiwa kwa nini, ndipo unapolifanya.

Unaikumbuka mikebe miwili niliyopewa na mjane wa Bwana Taa, yule fundi aliyekuwa akionyesha picha katika jumba letu la sinema kabla halijageuzwa duka la makochi. Ilikuwa filamu moja iliyogawanywa, mkebe wa kwanza una mwanzo na wa pili una mwisho. Ni ile ya mwanamke mwenye kofia ya manyoya anayengoja kwenye stesheni ya treni. Nakala yake tulikuwa nayo kwenye kanda ya deki. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni mwa sebule ukituchania vijikaratasi, na hata babu yako akienda msalani, akirudi unamdai tikiti upya. Jina likakuganda. Halafu, baada ya kutusumbua wote, unasinzia kabla treni haijafika. Kila mara. Ndiyo maana siku ulipoondoka nilikupa mkebe wa pili. Nilisema mwisho uwe wako, mimi nibaki na mwanzo.

Isitoshe, wako ndio wenye saini. Mwigizaji yule, akiwa ameshazeeka, alipita hapa mjini siku moja kuyaangalia majumba yaliyowahi kuonyesha picha zake, na Bwana Taa, kwa kukosa karatasi, akamfunulia kifuniko cha mkebe. Akaandika jina lake upande wa ndani, kwenye lebo. Katika albamu zangu zote sina saini iliyo bora kuliko hiyo, na nilikupa kwa furaha.

Mke wangu hunicheka kwa ajili ya albamu hizo. Anasema yeye ndiye mwanamke pekee asiyeona wivu mumewe akiandikiana na warembo wa nchi za nje, kwa sababu warembo wenyewe wote wamepita miaka themanini. Lakini nadhani nimewahi kukuambia kwa nini nazipenda. Kwenye filamu mtu yuko kila mahali, anacheka ukutani kwako na kwa jirani kwa wakati mmoja, na huenda alikwisha kufa zamani. Saini haiwi hivyo. Mkono wa mtu ulifika kwenye karatasi ile, ukaigusa, siku hiyo, mwenyewe akiwa hai. Yuko mchekeshaji mmoja aliyenirudishia picha yake na jina limepinda mpaka nje ya ukingo. Ukilitazama unaona kabisa mkono ukitetemeka. Naipenda kuliko zile zilizonyooka.

Sasa jana. Ilikuwa mchana, joto la kumfanya mtu avue hata saa ya mkononi. Mke wangu alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, akaanza kulalamika kwamba nimeacha soksi zangu chafu sebuleni. Nilikuwa pekupeku. Tulinusa huku na huku kama paka wawili mpaka tukafika kwenye lile kabati lililoegemea ukuta wa jiko. Unajua kwamba kila kitu cha thamani katika nyumba hii hukaa juu ya kabati hilo, kwa kuwa hapafiki unyevu: vyeti, shuka za wageni, vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea chai. Na unajua mke wangu akikipenda kitu hukifunga nailoni na selotepu mpaka kikose pumzi. Ndivyo tulivyoifunga mikebe yote miwili, mimi nikishika, yeye akizungusha. Wako ulizungushwa zaidi, kwa sababu ulikuwa unasafiri.

Niliushusha wangu. Kifuniko kilikuwa kimevimba katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ukingoni palitoka unga wa kahawia, na chini ya selotepu kulikuwa na kitu kinachonata kama asali iliyoungua. Nikauwekea kiganja. Ulikuwa na joto. Nikafikiri ni joto la ukuta wa jiko, nikauweka mezani, nikaenda kutafuta kisu nikate selotepu.

Kilichotuokoa ni woga wangu wa kuharibu. Kabla ya kukata nilimpigia simu yule mama mtunza kumbukumbu za sinema tunayebadilishana naye saini, nimwulize unga ule unafutwa kwa kitambaa kikavu au cha maji. Yule mama huwa anacheka kabla hujamaliza sentensi. Aliniuliza filamu ni ya wakati gani, nikamtajia kwa majivuno. Safari hii hakucheka. Kisha akasema, polepole sana, "Mwalimu, uko chumba gani? Toka humo. Mtoe na mkeo. Mengine nitakuambia ukiwa barabarani."

Basi tukasimama barabarani mchana kweupe, mke wangu na mwiko mkononi, mimi bila viatu, mafundi wa karakana wakituuliza kama tumefukuzwa na mwenye nyumba. Nami nikapewa somo ambalo nalipitisha kwako.

Filamu za zamani zile zilitengenezwa kwa kitu ambacho ni ndugu wa baruti. Zikishika moto hazizimiki. Maji hayazizimi, mchanga hauzizimi. Ukizitumbukiza kwenye ndoo zinaendelea kuwaka humo humo majini, kwa kuwa moto wake hauhitaji hewa ya nje. Ndiyo sababu chumba cha Bwana Taa kilikuwa na mlango wa chuma, na mimi maisha yangu yote nilidhani ni kwa ajili ya watoto wanaoingia bila kulipa. Tena zikizeeka zinaoza, kuoza kunaleta joto, na joto linazidisha kuoza. Kuzifunga nailoni ni kama kumfunika mablanketi mtu mwenye homa. Siku ya joto kali zinaweza kuwaka zenyewe, bila kiberiti wala cheche. Na moshi wake ni sumu. Nilifundisha jiografia miaka mingi, nikachora volkano ubaoni kwa chaki nyekundu, kumbe nyingine nimeiweka juu ya kabati.

Zimamoto walifika. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mtulivu, alituuliza maswali kama muuguzi, kama wewe. Wakaubeba mkebe hadi uwanja mtupu ulio nyuma ya karakana, wakamsogeza kila mtu, wakauwasha kwa mbali. Tikiti, haukuwaka kama kuni zinavyowaka. Moto ulitoka kwa kishindo, mweupe, ukapanda kupita paa la karakana, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi moja bila kuiachia. Nilidhani nitahuzunika kwa ajili ya filamu. Sikuikumbuka hata kidogo. Nilikuwa naupima moto ule kwa macho na kuulinganisha na sebule yetu.

Ulipokwisha, yule mkubwa wa zimamoto alinigeukia akauliza, "Ulikuwa huo peke yake?"

Hapo ndipo nilipoukumbuka wako. Mke wangu ndiye aliyejibu. Alisema, "Mwingine uko kwa mtoto wetu. Uko chini ya kitanda cha mjukuu."

Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba bati la nyumba yenu linavuja kila kona na kwamba mahali pakavu pekee ni chini ya kitanda cha mtoto. Uliandika pia kwamba siku za jua bati hilo linalia kama bisi kwenye sufuria. Nilipoisoma nilicheka. Tangu jana nalisikia bati hilo masikioni, na redio inasema joto bado lipo.

Simu yako haipatikani. Ya mkwe wetu haipatikani. Ya zahanati yako haipatikani. Askari ameahidi kuwatafuta wenzake walio karibu nawe, lakini nilipomwuliza karibu ni wapi, akaanza kukunjua ramani. Asubuhi hii nikaenda bohari ya dawa, nikamkuta dereva wa lori linaloleta dawa kwenu, anaondoka adhuhuri. Amenituliza kidogo. Anasema mnara wa simu wa huko umeangushwa na upepo, ndiyo maana mko kimya. Ameniambia pia kwamba barua yangu ataiweka pamoja na dawa za homa, huenda njiani ikapoa. Nikacheka, naye akafurahi kwamba nimecheka. Nimemweleza kila kitu kwa mdomo, ikiwa karatasi hii itapotea.

Sasa sikiliza. Ikiwa mtasoma haya jua likiwa kali, msiingie chumbani. Lala kwa jirani na mtoto, ungoje asubuhi kukiwa na baridi. Jiko lisiwashwe, taa ya mafuta isiwashwe, mkwe wetu azime sigara yake na aizimie mbali. Kisha mtu mzima mmoja auchukue mkebe kwa utulivu, asiutikise, wala asibandue selotepu. Auweke kivulini mbali na nyumba, na mbali na ile mitungi ya oksijeni ya zahanati yako. Watu wasiusogelee mpaka zimamoto wafike, hata wakichukua siku ngapi. Ukiuona umevimba au ukisikia ile harufu ya soksi, usiubebe wewe wala mtu mwingine. Ihameni nyumba, muwangoje wao. Na usimpe dereva aurudishe kwangu. Ana watoto naye.

Najua unachowaza sasa hivi. Unawaza kwamba ni kifuniko tu, ukingo wa kisu tu, lebo ibanduke, Mjomba apate saini yake. Nimekulea, nakuona kabisa ukifikiri hivyo. Basi nisikie: saini ile siitaki. Ikiletwa hapa nitaichana mbele yako. Na kama ni mwisho wa filamu unaoutamani, ambao hukuwahi kuuona hata mara moja, nitakuambia mimi, ili usibaki na sababu yoyote ya kuufungua mkebe huo. Treni inafika. Abiria wanashuka, wengi, na mwanamke yule anawatazama mmoja mmoja mpaka jukwaa linakaribia kuwa tupu. Ndipo mtu wake anashuka, wa mwisho kabisa. Hawasemi kitu. Basi, ndiyo imekwisha.

Mama yako anakusalimu na anangoja habari ya shuka. Mke wangu anakusalimu sana. Tangu jana hajafunga kitu chochote, na vile vikombe amevishusha, tumevinywea chai leo asubuhi. Mbusu mjukuu. Mwambie mkwe wetu nimemsema sigara kwa upendo. Mwenyezi Mungu aipoze nyumba yenu, awafunike nyote watatu kwa mkono wake.

Dereva atalala huko na kurudi. Kabla hajaondoka, chukua kipande chochote cha karatasi, hata ubavu wa boksi la dawa. Usiniandikie barua, mikono yako itakuwa haijatulia. Andika jina lako tu, kwa mkono wako, na mshikishe mtoto kalamu naye achore mstari wake. Yakipinda, hiyo ndiyo bora. Lori litakaporudi nitakuwa nimesimama kwenye lango la bohari, nikimtazama kila anayeshuka, kama yule mwanamke wa stesheni, ila mimi sina kofia.

Akupendaye na asiyekaa chini mpaka akuone umeandika,
Mjomba wako.