Skuta Imepanda Valley Road Bila Wewe

Baba,

Imepanda. Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya salamu. Skuta yetu ya stima imepanda Valley Road yote, kutoka chini mpaka juu, bila kusimama, na aliyekuwa juu yake ni mimi. Ilikuwa Jumapili iliyopita na bado nashtuka nikikumbuka.

Usinikasirikie, sikuwa na nia ya kuiendesha. Mzee Salim alisubiri tukuzike, akasubiri matanga yaishe, ndipo akaniambia kwa ile sauti yake ya Mombasa, "Mwanangu, kile chumba sasa nakihitaji, mzigo wangu wanyeshewa." Miaka yote hii ametuachia stoo iliyo nyuma ya duka lake la vipuri pale River Road, ningemwambia nini? Nikaenda asubuhi niisukume hadi kwangu Hurlingham. Kigoda chako kilikuwa palepale. Kikombe chako pia, majani ya chai yamekaukia ndani. Baba, uliomba maji tu. Mzee Salim akaenda kuyachota, aliporudi ulikuwa umeshaondoka. Mtu anakufaje kati ya kuomba maji na kuletewa? Nimejiuliza hivyo kanisani, kaburini, hata ofisini mbele ya watu.

Nilipofika chini ya mlima nikasimama, nikakitazama kiti. Nikakumbuka sheria yako: "Maitu, aliyeunda ndiye huanguka kwanza." Uliniita Maitu, mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yako, lakini heshima hiyo haikunipa ruhusa ya kukalia kile kiti. Mimi nilichora, wewe ukachomelea, na kujaribu ilikuwa kazi yako peke yako mpaka siku itakayopanda. Na kila Jumapili ilifika pale kwenye kona, ikanguruma, ikanuka waya ulioungua, ikasimama. Tukasuka mota upya. Tukabadilisha betri. Nikachora fremu nyingine, nyembamba hadi ukaniuliza kama nimeanza kuunda miavuli. Na bado ikasimama.

Basi nikaikalia. Nikajiambia itanifikisha kwenye kona, isimame, nilie kidogo, kisha nisukume. Ikapita kona. Baba, nilipiga mayowe mpaka soja wa jengo moja akatoka kuangalia ni nani anayeuawa.

Huko juu nilikaa kando ya barabara, na hapo ndipo jambo lenyewe likanigonga. Mota haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa wewe. Kitambi chako! Wewe uliyetengeneza lifti za mjini maisha yako yote, uliyesimama mlangoni ukiwafukuza watu, "Wewe shuka, mmejaa!", hukuwahi kujihesabu. Na mimi niliyesomea kazi hii, niliyepiga hesabu ya uzito wa kila bolti, sikupiga hesabu ya mtu. Hata siku ile nyumbani Dagoretti, binamu zangu walipoliweka jeneza chini njiani wapumue, na Kamau akanong'ona, "Aki mzee ni heavy," nilimkazia macho tu. Sikung'amua kitu.

Nilicheka mpaka nikalia. Imepanda kwa sababu hupo. Tungekuwa tungali tukihangaika na zile nyaya hadi leo kama ungekuwa hai, na mimi ningependa tuhangaike.

Mzee Salim anasema alhamdulillahi, basi tuuze. Ameshapata mteja, mama mmoja wa Kitisuru, mwembamba kama mimi, anataka kitu chake mwenyewe cha kumfikisha kazini Westlands, na akiipenda ataleta na wenzake. Nimekataa, naye amenuna. Lakini si wewe uliyesema skuta ya mtu wa mji ni ile anayoweza kuilaza sebuleni kwake usiku na kuendea sokoni asubuhi? Watu wa mji huu wana vitambi, Baba. Wana watoto mgongoni na mifuko ya unga. Nikimuuzia mmoja wao kitu kitakachomwacha pale kwenye kona magari yakimpigia honi, nitakuwa nimeuza jina lako.

Kwa hiyo leo baada ya kanisa nimefunga nusu gunia la viazi nyuma ya kiti. Mimi na nusu gunia ndio wewe. Wapita njia walinicheka, nikawaacha wacheke. Tukaanza kupanda. Pale kwenye kona ikanguruma, ikanuka ule waya, ikasimama. Palepale pako. Na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyekukuta barabarani ukimngoja. Nikashuka, nikaisukuma kama ulivyokuwa ukiisukuma, nikihema kama ulivyokuwa ukihema.

Kesho naanza mchoro mpya. Kwenye karatasi yake, penye kiti, nimeshaandika jina lako mahali pa uzito, na sitalipunguza hata nikiombwa na nani. Mama wa Kitisuru atangoja. Mzee Salim atanuna mpaka achoke, na chai tutaendelea kunywa pamoja.

Lala salama, Baba. Nitakupandisha mlima huu na kitambi chako chote, na ukishafika juu ndipo nitaiuza.

Mwanao,
Maitu