Mlango wa Chumba cha Wageni

Mpendwa dada Verna,

Usijaribu kuja, theluji imefunga barabara yetu tena. Viazi vimetosha. Dwight siku hizi anajaza upya maganda ya risasi za kuwindia, maana za dukani zimepanda bei.

"Meza nimeipata bure, Arlene!" anajigamba. Amelaza mlango juu ya makabati mawili na kuufungia mashine yake ya kujazia risasi kwa bolti. Akipima baruti, siruhusiwi hata kuwasha jiko.

Mama asijue, lakini tangu Aprili nalala chumba cha wageni, na nilikuwa nikijifungia kwa ufunguo. Mlango alioung'oa kufanya meza ni wa chumba hicho. Nilipouliza mbona huo, alicheka: "Kwani humo unaficha nini, mke wangu?"

Kitasa hakukitoa, kimo bado kwenye hiyo meza yake. Ufunguo bado ninao.

Mdogo wako,
Arlene