Diski ya Baba na Kalkuleta za Shule

Kibosho,
19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka Jovin aliniambia daktari wa huko Dodoma amekuruhusu kutembea hadi getini, nami nikamjibu kwamba kwa jinsi ninavyomjua baba, ameshafika sokoni. Hapa nyumbani tu wazima. Mama anapalilia migomba ya kihamba peke yake na hataki msaada wa mtu, ng'ombe amezaa ndama jike, na mvua imeila tena barabara ya kanisani hata padri anakuja kwa miguu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu wewe husema, mimi husikiliza, kisha salio linaisha. Barua haikatizwi. Naomba uisome mpaka mwisho ndipo utikise kichwa.

Umeambiwa kwamba nimeharibu kalkuleta za shule. Sikuziharibu. Ziko arobaini, zile za kuchora grafu, zililetwa na wageni waliokuja kupanda mlima, zikakaa kabatini miaka sita kwa sababu mtihani hauziruhusu. Nilipoifungua moja niligundua kwamba ubongo wake ni wa ukoo uleule wa kompyuta uliyoitumia pale ofisini kwenu, kwenye chama cha ushirika, kabla sijazaliwa. Nikajiuliza, kama ubongo ni uleule, kwa nini mfumo endeshi wa zamani usikae humu? Mwalimu Godbless wa fizikia alinicheka, akataka kujua kwa nini nisifundishe kompyuta mpya. Nikamwambia anionyeshe hiyo mpya, maana shule ina moja tu, nayo iko ofisini kwa mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Kazi ilinichukua miezi minane. Mfumo ule umezoea kioo chenye herufi themanini kwa mstari, kalkuleta ina kumi na sita. Umezoea diski, kalkuleta haina. Ikabidi niudanganye: nikaukatia kipande cha kumbukumbu nikauambia hiyo ndiyo diski. Uligoma mara nyingi kuliko ng'ombe wetu wakati wa kukamuliwa. Siku ulipokubali, kwenye kioo ilitokea herufi A na mshale mdogo pembeni yake, maana yake uko tayari kupokea amri, nami nikalia mbele ya kidato cha tatu bila aibu. Tangu siku hiyo wanafunzi wanaandika programu zao wenyewe. Goodness, binti wa muuza maziwa, ametengeneza ya kukadiria siku ya ng'ombe kuzaa. Kwa ng'ombe wetu alikosea siku moja tu.

Kisha akaja mkaguzi. Mkuu wetu, Mwalimu Filemon, akashika kalkuleta ya kwanza, akaona A. Ya pili, A. Ya tatu, A. Akaniuliza mbele ya mgeni ni kwa nini mashine zangu zinampa kila mtoto A kabla hata hajaulizwa swali. Darasa zima likacheka, na mkaguzi akacheka, na kicheko hicho ndicho kosa langu lote. Kesho yake nikaamriwa nifute kila kitu na niandike barua ya kuomba radhi, nikiri kwamba nimeharibu mali ya shule. Nisipofanya hivyo kufikia Ijumaa, kazi sina.

Nawe ukanipigia ukaniambia nikate jani la sale nimpelekee mkuu nyumbani kwake, maana Mchagga akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Ukaongeza, "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu." Baba, sale naliheshimu, na ndiyo sababu sikumpelekea. Sale hupelekwa na aliyekosa. Nikilibeba bila kosa nitakuwa nimesema uongo kwa jani ambalo babu alilitumia kumaliza ugomvi wa mpaka.

Sasa nikuungamie jambo. Mfumo ule sikuutoa kwenye mtandao kama nilivyowaambia watu. Nililifungua sanduku lako la bati, lile ulilotukataza, nikachukua diski zako. Fundi Eliufoo wa Moshi mjini anayo mashine kuukuu ya kuzisoma. Kwa hilo nimekukosea kweli, na sale lililomo katika bahasha hii ni lako.

Katika diski moja nilikuta barua yako ya mwaka 1988 kwa wakubwa wa ushirika. Sisi ulitusimulia kwamba uliharibu kompyuta, orodha ya wakulima ikapotea, ukaomba radhi, wakakuachisha kazi hivyo hivyo. Lakini mashine zile, ukihifadhi andiko jipya, hulibakiza lile la kabla yake. Nadhani hukujua. Barua ziko mbili, Baba. Ya pili inaomba radhi. Ya kwanza inasema: "Sikuharibu kitu chochote katika mashine hii. Siwezi kuomba radhi kwa kosa ambalo sikulitenda, hata ikiwa kwa kukataa nitapoteza kazi."

Niliisoma kwenye kioo cha kalkuleta, herufi kumi na sita kwa mstari, nikalia kwa hasira. Ulikuwa na miaka ishirini na tisa, umri wangu wa leo. Sikulaumu kwa ile ya pili, ulikuwa na watoto wa kulisha. Lakini ile ya kwanza ni nzuri mno kukaa sandukuni.

Mama anakusalimu na anasema ule mboga. Nisalimie Jovin na wanawe. Leo asubuhi nimempelekea Mwalimu Filemon barua anayoitaka. Sikuitunga mimi. Ni ile yako ya kwanza, neno kwa neno. Nimebadilisha tarehe, anwani, na katika sahihi jina la kwanza tu.

Ni mimi mwanao,
Zita Aristides Mallya