Safari za Jana za Baba

Jumanne, Igoma. Asubuhi mvua imenyesha, kisha jua likatoka kama vile halikuhusika.

Kaya yetu imechaguliwa kwenye utafiti wa serikali kuhusu safari za kila siku. Mdadisi, kijana mpole mwenye kishikwambi, alitaka kila mmoja aeleze jana alikwenda wapi, kwa usafiri gani, kufanya nini. Mama: kanisani kwa miguu, na kurudi. Mimi, mwandishi wa habari ninayezunguka mji mzima, nilimaliza kabla chai haijapoa.

Ikawa zamu ya Baba.

Tangu alipoanguka na baiskeli kule Igogo akavunjika mkono, Baba amekatazwa kuendesha. Kaka yangu Deus amesema akisikia ameipanda tena, anaihamishia kwake Sengerema. Anakuja Jumamosi. Baba anaapa kwamba siku hizi anashinda barazani.

"Kijana, umesema majibu ni siri," Baba alisema.

"Siri kabisa, mzee."

"Basi hawa watupishe."

Mimi na Mama tukaenda kusimama uani, karibu na dirisha. Baba ni karani mstaafu. Familia anaweza kuidanganya, serikali, hapana. Aliteremsha sauti, tukawa tunamsikia mdadisi tu.

"Na kutoka hapo, mzee?"

Mnong'ono mrefu.

"Na kutoka hapo?"

Mama alianza kuchambua mchele. Akaumaliza.

"Kote huko ni usafiri uleule?"

Nilimsindikiza kijana hadi barabarani. Nimewahi kuwabana wakubwa wakasema. Huyu alitabasamu tu. "Dada, nimekula kiapo." Kisha akaomba maji ya kunywa, kama aliyezifanya safari zile yeye mwenyewe.

"Utamwambia nini kaka yako?" Mama aliniuliza.

Nina maswali niliyoyasikia dirishani, jibu hata moja sina. Habari ya namna hiyo mhariri wangu angenirudishia.

Baba alitoka ndani na uso wa mtu aliyelitumikia taifa.

"Nafika hapo mara moja," alisema.

"Hapo wapi, Baba Deus?"

"Hapo."

"Haya, nenda," Mama alisema. "Serikali inajua ulipo."

Kesho naipeleka baiskeli kwa fundi. Jumamosi Deus akiniuliza, nitamwambia lile moja nitakalokuwa nimelithibitisha mwenyewe: breki zinashika.