Mama Alipaliwa na Dawa ya Kipimo

Kwa kaka yangu Isihaka,

Shikamoo. Hujambo huko Handeni? Mahindi yamepata mvua? Sisi hapa Manundu tunapumua, ila kichwa changu kimevurugika. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi barua hii.

Mama yetu, uliyemleta akae kwangu, nilimpeleka hospitali juzi. Walitaka kumpiga picha akimeza dawa nyeupe, nzito kama tui, waone inavyoshuka kooni. Funda la kwanza likapita. La pili akapaliwa. Kaka, nilipiga kelele! Midomo ilimbadilika rangi. Mtaalamu akasimamisha kipimo, wakamwinamisha mbele, wakamhimiza akohoe, wakamfyonza koo kwa mpira na kumwekea oksijeni. Picha ya kifua ikaonyesha dawa kidogo imeingia pafuni.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Tumeenda kutafuta uzima, tunaongezewa maradhi! Nikamfokea daktari kwamba wamemuua mama. Akanijibu taratibu kwamba nyingi ataikohoa, ila watamlaza wamwangalie homa na pumzi. Tena akasema picha hiyo hiyo imeonyesha ugonjwa: misuli ya koo imelegea, anachomeza kinapotea njia. Akauliza kama nyumbani hupaliwa. Nikasema ndiyo, kwa chakula cha mkwewe Shamimu. Akauliza, na chakula cha wengine je? Nikakumbuka alivyopaliwa na chai yangu, nikamjibu kwamba hayo ni mabaki ya kitu kibaya alicholishwa na mkwewe. Daktari akatikisa kichwa, akaendelea kuandika. Nikaona aibu, wala sikujua kwa nini.

Baadaye ndipo nikajua. Dawa ile haikupikwa na Shamimu. Aliimimina muuguzi, nikiona. Nawe ulimrudisha mkeo kwao Mnyuzi ukisema ameutia uji wa mama kitu kibaya, na sisi sote tukaitikia.

Sasa usinikasirikie. Jana nilimfuata Shamimu, bila hata kujua nitamwambia nini. Alinisikiliza, akajifunga kanga, tukaja. Leo amempikia mama uji mzito kama daktari alivyoagiza, akamlisha pale wodini kijiko kimoja kimoja, mama ameketi wima, kidevu chini. Hakukohoa. Mama alimshika mkono akalia, nami nikatoka nje, sijui nicheke au nilie.

Nilimuuliza kama atarudi kwako. Alisema aliyemfukuza anaijua njia ya Mnyuzi.

Wasalimie majirani wote. Mama anakusalimu sana na anakuombea dua. Shamimu hakunipa salamu za kukuletea.

Ni mimi mdogo wako,
Mwantumu