Kinanda Juu ya Barafu

Jumatatu, 21 Februari

Leo nimeokoa shule. Naandika mwenyewe maana hakuna mwingine atakayeandika.

Asubuhi nashuka vyumba vya chini — maji mpaka kwenye vifundo! Bomba linalotoa maji ya moto ya boila limepasuka. Na klabu zote za wasichana ziko kule chini. Kwaya chumba cha kwanza. Waigizaji na mavazi yao. Wale wa roboti na waya zao sakafuni. Klabu ya rozari na sanamu yao ya Mama Maria, amesimama majini kama anayetaka kuvuka kwenda Kanada. Saa moja zaidi, yote yangekuwa supu.

Fundi wa mjini anasema atakuja Alhamisi. Alhamisi! Mimi, Rudy Zupancich, niliyelisha boila za meli za madini miaka ishirini na miwili, niliyelewa Rotterdam na kulevuka Manila, nimsubiri mtu wa Alhamisi? Nikakata, nikaunga, nikayageuza maji yaingie bomba la zamani la dobi, la enzi masista walipofua wenyewe. Likayameza yote, glu-glu-glu, kama baharia siku ya mshahara. Yanatokea wapi? Kwani mtu akimeza unamuuliza chakula kinakwenda wapi?

Sista Roswitha, mkuu wa shule, kanipa pai nzima ya tufaha. Akasema, Rudy, Mungu ndiye aliyekuleta. Nikamwambia, Sista, nilikuja kwa basi. Akacheka nusu. Huyu hajawahi kucheka zaidi ya nusu.

Jumatano, 2 Machi

Jumatano ya Majivu. Shule nzima ina mapaji machafu, na safari hii nafanana nao.

Wasichana wameshindana kubahatisha siku ya kinanda. Kiko juu ya barafu ya ziwa, mbele ya shule, tangu Januari, mita mia tatu kutoka ufukweni, kile kibovu cha kwaya ambacho panya wamekula matumbo yote. Kila mwaka tunaweka kitu juu ya barafu. Mwaka juzi choo cha mbao — Sista hakukitazama hata siku moja. Kila klabu inabahatisha siku na saa kitakapozama. Kamba inatoka mguuni mwa kinanda mpaka kwenye saa iliyo ukutani mwa banda langu. Kikienda chini, kamba inachomoa waya, saa inasimama, ubishi umekwisha. Klabu iliyokaribia inavaa nguo za nyumbani wiki nzima. Hawa watoto wanaweza kuuana kwa ajili ya suruali!

Na mji mzima unasema hivyo hivyo, tangu babu zetu: kitu kikisimama, barafu imesimama. Hakuna anayeuliza zaidi.

Ila Pia. Pia Lafontaine wa klabu ya sayansi, miaka kumi na minne, miwani kubwa kuliko uso. Kila Jumatano anatoboa barafu kwa kekee na kupima unene, kwenye kinanda na hapa karibu na ufuko, wanapocheza mpira wa fagio, ule mchezo wao wa kupiga mpira kwa mafagio juu ya barafu. Kaja bandani na daftari lake.

"Babu Rudy, kwenye uwanja wa mpira wa fagio, upande wa matete, ni inchi kumi na tisa. Wiki iliyopita zilikuwa ishirini na mbili."

"Kekee yako imechoka, mwanangu."

"Kekee haichoki, Babu. Watu ndio huchoka."

Ana mdomo huyu! Nimempa kipande cha pai. Akakikataa, kafunga. Nikakila kwa niaba yake.

Jumatano, 9 Machi

Baridi kali, kumi na tano chini ya sifuri. Barafu inapaswa kunenepa. Pia: inchi kumi na nne. Kwenye kinanda, ishirini na tatu. Kanionyesha namba mbili, moja juu ya nyingine. Nikasema labda chemchemi. Akasema Babu, chemchemi haianzi Februari. Nikasema wewe umezaliwa juzi, chemchemi unazijulia wapi.

Alipoondoka nikachungulia dirishani. Bata mwitu watano wamekaa kwenye matete. Wamekaa MAJINI. Tundu dogo, kama beseni, na mvuke unapanda.

Bata Machi, na baridi hii. Sijaona.

Ijumaa, 11 Machi

Ijumaa ya Kwaresima, samaki wa kukaanga ukumbini. Nimekula sita. Nimesimulia ile hadithi yangu ya papa wa Manila aliyetaka kunila, wasichana wamepiga meza.

Halafu Maren Tuominen akasimama juu ya kiti. Ndiye nahodha wa mpira wa fagio, miaka kumi na saba, mabega ya mpiga makasia, na fagio lake lina utepe mwekundu, ole wako uliguse. Tarehe kumi na tisa, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, timu ya shule inacheza na wasichana wa zamani. Wazee wameshinda miaka sita mfululizo. Na golini kwao anasimama mama yake Maren.

"Safari hii nitamfunga mama yangu mabao matatu!" anapiga kelele. "Kisha nitaenda kumwomba radhi, na chakula cha jioni!"

Ukumbi ukalipuka. Pia akainua mkono, kama yuko darasani, maskini. Akasema barafu ya upande wa matete inapungua.

"Pia, dada," Maren akasema, "kinanda kimesimama?"

"Kimesimama, lakini—"

"Kimesimama!" Meza zote, pamoja. Ki-me-si-ma-ma! Wakipiga vijiko.

Hata mimi nilipiga kijiko. Naandika hili kwa sababu humu sidanganyi.

Pia aliketi, akanitazama. Mimi, si wao.

Jumatatu, 14 Machi

Sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza lile bomba. Mtu akimeza, chakula kinakwenda wapi.

Nimechukua ndoo ya rangi ya kijani ya waigizaji, ile ya kupakia misitu yao ya maturubai. Nimeikoroga na maji, nimeimwaga yote kwenye bomba la dobi. Kisha nikaenda kukaa dirishani na kahawa.

Dakika arobaini.

Theluji ya kwenye matete ikawa kijani. Kwanza kidoa. Halafu mkono mzima, unanyooka chini ya barafu, kuelekea goli la kushoto.

Wiki tatu naichemsha barafu yao kwa mikono yangu. Na pai nimekula.

Nimefunga valvu. Nimewasha pampu ndogo, natoa maji dirishani kwa bomba la mpira. Ila ninavyojua mimi, barafu iliyoliwa hairudi kwa kuombwa msamaha. Na redio inasema joto linakuja.

Jumatano, 16 Machi

Nyuzi sita juu ya sifuri. Paa linadondosha. Pia: inchi tisa. Kaandika namba, kaipigia mstari mara mbili.

Nilitaka kumwambia. Mdomo huu, uliowahi kuwadanganya askari wa forodha wa nchi nne, ukamuuliza kama amekula.

Alhamisi, 17 Machi

Siku ya Mtakatifu Patrisi, sikukuu ya Waayalandi, kila kitu huwa kijani. Na mimi nilisahau! Rangi imeenea usiku, robo ya uwanja ni kijani kama chura. Wasichana wamekuja mbio ufukweni na bendera zenye jani lao la shamroki, wanapiga makofi. "Babu Rudy! Babu Rudy!" Wamenibeba mabegani! Mwalimu wa kwaya kanipiga picha. Wanadhani nimewapambia sikukuu.

Nikasema, wasichana, sikilizeni, huu si utani, barafu ile imeoza. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikapiga kelele. Wakacheka zaidi. Maren akafuta machozi, akasema Babu, ile sura yako! Ungekuwa klabu ya waigizaji!

"Maren, mwanangu, naapa kwa mama yangu."

"Mama yako yule aliyekuzaa melini katikati ya dhoruba, au yule aliyekuzaa gerezani?"

Nimewasimulia zote mbili. Kweli nimewasimulia. Mama alinizaa hospitali, mjini Eveleth, saa nne asubuhi, hali ya hewa nzuri.

Miaka kumi na moja nimewachekesha hawa. Leo ndiyo nimejua nimekuwa nikikata tawi nililolikalia.

Ijumaa, 18 Machi

Nimekwenda kwa Sista Roswitha. Kofia mkononi. Nimesema yote: bomba, rangi, namba za Pia. Nikasema Sista, si Mungu aliyenileta.

Hakucheka hata ile nusu. Akauliza kitu kimoja: kinanda kimesimama? Hata yeye! Nikamwambia Sista, kinanda kiko mita mia tatu huko, hakijui yanayotokea mlangoni petu. Kinanda ni kipofu.

Akavaa buti. Tukaenda, yeye, mimi, Pia na kekee. Pia alitambaa kwa tumbo, mimi nimeishika kamba iliyo kiunoni mwake, Sista amenishika mimi mkanda. Inchi nne. Laini, nyeusi, kama mkate uliolowa. Pia aliposema namba Sista akajifanyia ishara ya msalaba na kusema, "Mechi itachezwa ukumbini."

Alitangaza wakati wa samaki. Kelele! Wengine wakalia. Maren hakulia. Akaja mezani kwangu, akainama sikioni.

"Umeogopa, Babu. Papa wa Manila hakukutisha, maji ya bata yamekutisha."

"Nimeogopa, ndiyo."

"Mama anakuja kesho kutoka Duluth, kilomita mia na ushee, kuja kucheza ukumbini na soksi? Atanicheka mpaka nizeeke. Kinanda kimesimama. Nikitembea mpaka golini na kurudi, mbele ya watu, Sista atabadili mawazo?"

"Hutatembea popote."

Akanipigapiga bega, kama mtoto. "Natania, Babu. Si wewe umetufundisha."

Nimefunga uwanja kwa kamba na vitambaa vyekundu. Mafagio yote, ishirini na nne, nimeyakusanya kwa mikono miwili na kuyatupa bandani. Ufunguo uko shingoni pangu. Sikuyahesabu. Niliyehesabu magunia ya bandari tatu kwa jicho tu, nihesabu fagio?

Jumamosi, 19 Machi

Naandika kwa kalamu ya risasi, vumilia.

Niko bandani. Wamenifunga blanketi mbili na kuniambia nikae, nisisimame, nisiguse kitu. Sina pa kwenda. Daftari lilikuwa kwenye koti kavu, naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa moja asubuhi nilifungua banda. Nikaona niyapange mafagio vizuri, yaende ukumbini kwa heshima. Nikayahesabu ili kupitisha wakati. Ishirini na tatu. Nikayahesabu tena, nikiyagusa. Ishirini na tatu. Nikatafuta utepe mwekundu.

Hapo Pia akagonga dirisha. Viatu vya chumbani, theluji mpaka magotini. Babu, Maren hayupo kitandani.

Tulimwona tulipozunguka banda. Ameshapita kamba yangu. Anatembea taratibu, kifua mbele, fagio begani kama askari, kuelekea goli la kushoto, na gari la mama yake ndiyo kwanza linaingia langoni. Alitaka mama yake amwone amesimama pale. Ndiyo hesabu yake yote.

Nikaita. Nikaita kwa sauti ya melini, ile ya kupita upepo. Maren! Rudi! Nikapunga mikono yote miwili, nikaruka kama kichaa.

Akageuka. Akaniona. Akanipungia fagio. Akacheka — nililisikia hilo cheko, asubuhi tulivu, linakuja safi juu ya barafu. Alidhani naigiza.

Akaongeza hatua mbili. Hapakuwa na mshindo. Alikuwapo, kisha fagio peke yake limelala pale.

Sitaandika nilivyomvuta. Ya papa nimeyasimulia mara mia, hii sitaisimulia. Ngazi, tumbo, kamba, Pia ameshika mwisho wa kamba na mama mtu ameshika Pia. Mara mbili nilishika maji matupu. Ya tatu nilishika nywele.

Muda gani chini ya maji? Mtu wa gari la wagonjwa ameniuliza. Nikamwambia saa iko ukutani, sikuitazama. Anasema maji baridi wakati mwingine humtunza mtu, vijana hasa. Wakati mwingine, nikasema. Akasema ndiyo, Mzee, wakati mwingine. Wameondoka naye saa mbili kasorobo, mama yake ndani, miguu ya mama haina viatu, sijui ilivyotokea.

Pia amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hapa kando yangu. Kasema neno moja tu tangu hapo. Kasema "mbili." Inchi mbili. Alipima! Wakati nafungwa blanketi alikuwa ukingoni pale anapima ukingo wa lile tundu kwa rula. Nimemfunika nusu ya blanketi langu. Anatetemeka kuliko mimi.

Nje wasichana wamesimama ufukweni kwa klabu zao, sijui nani aliwapanga. Kwaya na kwaya. Rozari na rozari. Roboti. Timu ya mpira wa fagio mbele, mikono mitupu. Wasichana wa zamani nyuma yao na jezi zao za bluu. Wote wananitazama mlangoni. Hakuna anayecheka. Nimetaka watu hawa wasicheke siku tatu nzima.

Sista Roswitha yuko karibu na kamba, simu ya hospitali sikioni, mgongo kwetu. Anasikiliza. Anasikiliza muda mrefu. Bega lake moja limeshuka.

Upepo umeanza. Kinanda kinavuma, nyuzi zilizobaki. Kimesimama wima kabisa. Saa iliyo juu ya kichwa changu bado inatembea.

Sista anageuka —