Kwa Yaya, Juu ya Tetemeko la Alhamisi

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na najua mtu mwenye akili timamu hamwandikii marehemu. Lakini nimpigie nani simu? Kila habari njema wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuisikia, hata ukiwa na furushi la vitenge kichwani katikati ya foleni ya daraja la Rusizi, ukipaza sauti, "Sema mbio, niko mu mulongo!" Basi nasema mbio. Alhamisi ardhi ilitetemeka hapa Mururu ninapofundisha, asubuhi, shule ikiwa imejaa, na watoto wote wakatoka salama. Wote, Yaya! Tangu siku hiyo sijakaa kitako nikatulia.

Ngoja nianzie mwanzo, maana ungeniuliza tu. Mwaka huu direkta, mkuu wa shule yetu, alinipa kazi ya kuandaa mpango wa dharura wa shule: tetemeko likija, mlima ukiporomoka, radi ikipiga, nani atoke kupitia wapi na asimame wapi. Madarasa ya wakubwa yako juu, karibu na uwanja wa mpira. Ya wadogo yako chini, na katikati kuna ngazi za mawe. Nilichora mishale, kila darasa na mstari wake hadi uwanjani, nikajivuna kweli. Siku ya zoezi la kwanza direkta aligonga ile rimu ya gari ambayo ndiyo kengele yetu, akashika simu yake kupima dakika, na mpango wangu ukafia palepale kwenye ngazi. Wadogo walikuwa wanapanda, na wakubwa, badala ya kwenda uwanjani, walikuwa wanashuka mbio kuwafuata. Wakasongamana kama mbuzi mlangoni.

Nikamshika mkono msichana wa darasa la tano, anaitwa Divine.

"Unaenda wapi weye?"

"Kubeba mudogo yangu Kevin, Madame. Maman alisemaka nisirudiye ku nyumba bila ye."

Nilimwachia mkono. Hayo si maneno ya mama yetu? Kila asubuhi kule Bukavu, mlangoni, akifuta mikono kwenye kitenge: "Mutoke babili, murudi babili." Wewe ulikuwa darasa la sita, mimi la pili. Ulinivuta kwa mkanda wa mfuko hadi shuleni, ukinitukana njia nzima kwamba natembea kama konokono, lakini mtoto wa watu akinigusa tu, unamrukia. Wanasema mkubwa ni jalala. Wewe ulikuwa jalala lenye meno.

Direkta alitaka niandike majina ya wote walioshuka ili waadhibiwe. "Madame, hii batoto babishi bataua benzao." Nikakataa. Akaniuliza sababu, nikamweleza siku ile ya tetemeko la Bukavu.

Unaikumbuka kuliko mimi. Ardhi ilinguruma, vumbi likamwagika kutoka darini, ukafika uwanjani ukageuka huku na huku, hukuniona. Ukarudi ndani. Boriti ya mlango ikakuangukia mguu, na mguu huo haukupona sawasawa hadi unakufa. Na mimi nilikuwa nje tayari! Nilikuwa nyuma ya vyoo na rafiki yangu, tunagawana muwa, salama kabisa. Ulirudi kumtafuta mtu ambaye hakuwemo. Hospitalini nililia hadi nikapata kwikwi, ukaniambia, "Nilikuta kiti yako haiko na muntu, nikafurahi." Nilikuchukia kidogo kwa wema huo. Heri ungenizaba kofi.

Direkta alirudisha simu yake mfukoni. Kisha akasema, "Sasa tutafanya je?"

Nilikuwa na jibu, maana nilikuwa nimelitafuta tangu darasa la pili. Watoto hawa si wabishi, wanataka kuona tu. Kando ya madarasa ya wadogo kuna shamba la maharage la walimu, na ukisimama juu uwanjani unaliona lote. Nikasema wadogo wasipande tena: wakimbilie kwenye maharage na kugeuza nyuso juu. Wakubwa wasimame uwanjani. Ukimwona mdogo wako, nyoosha mkono. Usipomwona, mwambie mwalimu, na mtu mzima ndiye atakayeshuka. Walimu wenzangu waliyalilia maharage yao kama vile kuna msiba. Nikawaambia soko la Kamembe halijafungwa.

Zoezi la pili lilifaulu nusu. Divine alishuka tena, na wengine sita nyuma yake. Direkta akanitazama. "Mara moja tu imebakia, Madame. Bakishuka tena, tunaweka geti na kufuli." Kufuli, Yaya! Kwenye ngazi ya watoto! Mtoto anayemtafuta mdogo wake atalipanda hilo geti, na ardhi inatikisika. Sikulala vizuri wiki hiyo. Kila mapumziko nilimchukua Divine na Kevin, mmoja juu, mwingine kwenye maharage, watazamane tu. Wanafunzi wengine walitucheka, baadaye wakaja kujaribu na wadogo zao.

Alhamisi halikuwa zoezi. Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la tano, vioo vikaanza kulia, chaki zikabingirika mezani. "Chini ya meza!" Tukahesabu kwa sauti hadi kutikisika kukakoma, nikafungua mlango. Nilitoka wa mwisho, na macho yangu yakaenda kwanza kwenye ngazi. Divine alikuwa pale juu, ameshateremka kidato kimoja. Akatazama chini. Wadogo walikuwa wamejaa kwenye maharage, nyuso juu, na Kevin katikati yao anapunga mikono yote miwili. Divine akarudi nyuma. Akaenda uwanjani anatembea, hakimbii, akanyoosha mkono.

Kisha mikono mingine, mingine, uwanja mzima! Mvulana mmoja tu alinivuta sketi: "Madame, miye simuone Claude." Direkta mwenyewe, na kitambi chake, akashuka ngazi mbili mbili. Alimkuta Claude chooni amejifungia, akampandisha mgongoni, kaptula bado iko magotini. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na nikamsamehe direkta kufuli lake.

Tulihesabu mara tatu. Ukuta wa darasa la pili umepasuka, basi. Nikawaambia washushe mikono, wakashusha, isipokuwa Divine.

"Wewe pia, shusha."

"Madame, bado Kevin ananiangalia."

Nikamwacha.

Nina furaha hadi kifua kinauma. Wiki ijayo naenda shule moja ya Gitambi, wameomba niwaeleze jinsi tulivyofanya, na sijui kuieleza bila kukutaja. Nitakutaja kwa jina lako lote. Nitawaambia mpango huu uliandikwa na mtoto wa darasa la sita, mimi nimetafuta shamba tu.

Nimekukumbuka mno, Yaya. Pumzika sasa. Hakuna mtoto aliyerudi ndani.

Mdogo wako